Baba amekataa posa yangu kwa sababu ya watu walionyongwa mwaka 1900. Nifanyeje?

Binti Kidia

Habari zenu wote. Naombeni mnisome hadi mwisho kabla ya kunishauri, maana jambo lenyewe lina umri mkubwa kuliko mimi.

Nina miaka 31, kwetu ni Old Moshi, mlimani Kilimanjaro. Mwezi uliopita mchumba wangu alileta washenga nyumbani. Baba aliwapokea vizuri, mbege ikatolewa, wakaanza kuulizana ukoo kama ilivyo desturi. Mshenga alipotaja ukoo wa kijana, baba aliishusha kata chini taratibu, akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema: "Hapa hatoki mtu kwenda kwenye mji ule." Akainuka, akaenda zake migombani. Wageni wakabaki wanaangalia povu la mbege likikauka kwenye ukingo wa kata.

Babu yake baba alikuwa miongoni mwa waliouawa pamoja na Meli, mangi (mtawala) wetu wa Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Wajerumani walidai kuna njama ya kuvamia boma lao, wakakamata viongozi wa sehemu mbalimbali za mlima na wa Meru, wakanyonga watu 19. Babu yangu wakati huo alikuwa mtoto wa mgongoni. Mama yake alimfunika kichwa asione, lakini hakuweza kumziba masikio. Wazee wanasimulia kwamba Meli alichukua saa saba kukata roho. Ndiyo maana kila tarehe 2 Machi baba hali wala hanywi mpaka saa saba zitimie. Ana miaka 81 na hajawahi kuacha. Sisi watoto tulikuwa tunaambiwa tusipige kelele siku hiyo, hatukujua kwa nini.

Kaburi la babu yake limezungukwa na masale, mmea ambao sisi Wachaga huutumia pia kuomba msamaha, na baba husema mle ndani mna mtu nusu, kwa sababu alizikwa bila kichwa.

Kwetu tumelelewa tukijua kwamba ukoo wa mchumba wangu ndio uliowachongea wazee wetu kwa Wajerumani. Sitautaja jina. Nampenda huyu mwanaume, na nampenda baba yangu. Sitaki kutoroka, na sitaki kuolewa huku baba amelala ndani amegeukia ukutani. Nishaurini.

Mtafutaji

Pole dada. Ila zaidi ya miaka 120? Olewa tu. Mzee akishika mjukuu atalainika.

Mama Wawili

Mtafutaji, mdogo wangu, kuna watu husubiri huyo mjukuu miaka kumi na mzee anaondoka bila kumshika. Niliolewa bila baraka za baba kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye msiba wake nilikaa nyuma kama jirani. Dada, usikimbie.

Wa Kibosho

Dada, nitakwambia jambo ambalo labda baba yako hajawahi kuambiwa na Mkibosho. Mwaka 1891 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipopanda kumpiga Mangi Sina wetu, hakupanda na askari wake tu. Mangi Rindi wa Moshi, baba yake Meli, alimpa wapiganaji. Rindi huyohuyo ndiye aliyewekeana mkataba na Jühlke, mjumbe wa Wajerumani, mwaka 1885. Kwetu tunasimuliwa hayo ya 1891 kama ninyi mnavyosimuliwa ya 1900.

Na Meli hakuwa kibaraka. Mwaka 1892 aliwapiga Wajerumani hadi mkuu wao, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa wakamshinda. Enzi zile kila mangi alikuwa anapiga hesabu: nikikaa na Mjerumani, jirani hatanigusa; nisipokaa naye, jirani atamleta kwangu. Kapteni Johannes, mkuu wa Wajerumani pale Moshi, aliijua hesabu hiyo vizuri. Aliyechongea simtetei. Lakini kamba ilikuwa mikononi mwa Johannes.

Tukianza kudaiana damu mlima mzima, hakuna atakayeoa. Mke wangu ni wa Old Moshi, tuna miaka 19 ya ndoa. Ila tafadhali, haya usiyapeleke wewe kwa baba yako. Akisikia mwanawe anamtaja Rindi kwa mabaya, ataona umeshahamia upande wa pili. Tafuta mzee wa rika lake, wakae wawili, wewe usiwepo.

Mgombani

Nimesita siku mbili kuandika. Ukoo unaousema nadhani naujua, kwa sababu nadhani ni wetu.

Kwetu hakuna aliyekataza kumtaja Meli. Ila akitajwa, watu wanaanza kuongelea mvua. Mara moja tu, tukichambua maharage, bibi aliniambia kwamba babu yake alikuwa akiamka usiku anauliza nani anabisha hodi, na nje hakuna mtu. Nikamuuliza alifanya nini. Bibi akasema, "Chambua maharage." Amekufa na jibu lake.

Kwa hiyo dada, kwanza muulize mchumba wako kama anajua. Nahofia hajui, na itakuwa vibaya akilisikia kwa baba yako. Pili, wakirudi wasije na mshenga wa maneno matamu. Waje na isale, na mbuzi, na mzee wa ukoo mwenyewe aseme kwa mdomo wake kilichotendeka, au aseme kwamba hawakijui chote lakini wameubeba uzito wake. Jani la isale likiwekwa mbele ya Mchaga wa umri huo, hawezi kuliruka kama jani la mgomba. Posa ingoje. Mkichanganya toba na mahari siku moja, mzee ataona mnamnunua.

Mimi binafsi nakuomba radhi. Sijui kama inanihusu, lakini nimekaa nayo.

Mjukuu wa Ruvuma

Wa kwetu alinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Majimaji. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi, mama alisikiliza redioni, kisha akauliza, "Na vichwa?" Mwaka huohuo Berlin, yanakohifadhiwa mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni, walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa na familia zilizo hai huko kwenu Kilimanjaro. Cha Mangi Meli hakikuwamo, ingawa mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikidai kwa miaka mingi.

Nasema hivi kwa sababu wachangiaji wengine wanadhani mzee ana kinyongo. Mimi naona ana msiba. Mmemletea harusi wakati kwake matanga hayajaanuliwa. Dada, umewahi kukaa naye tarehe 2 Machi, ukafunga naye?

Binti Kidia

Nimesoma yote. Asanteni. Swali la Mjukuu wa Ruvuma limenikosesha usingizi, kwa sababu sijawahi. Miaka yote nilikuwa namwachia peke yake.

Nimezungumza na mchumba wangu. Hakujua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akampigia simu mzee wao aliye kijijini. Mzee alimjibu: "Tulijua iko siku mtauliza." Amekubali kupanda mwenyewe hadi kwetu, ingawa magoti yanamsumbua.

Jumapili nilienda nyumbani. Sikugusia ndoa. Nilimkuta baba anapunguza majani makavu ya migomba, nikachukua mundu, nikaanza upande wa pili. Tulipofika karibu na masale nikamwambia: "Baba, wakija na isale, bila posa, utawafungulia?" Aliendelea kukata. Alikata mgomba mzima, akahamia wa pili. Nikadhani hakunisikia.

Kisha akasema, "Waambie wasije tarehe mbili."

Hajasema ndiyo, najua. Lakini mama, ambaye ameishi naye miaka 50, aliposikia alikaa chini akalia.

Sasa dada Mgombani, kama bado uko humu, nijibu: isale anaishika mzee wao au mchumba wangu? Na mbuzi anatangulia au anafuata? Kwetu waliokuwa wanajua wameshaondoka, na kumuuliza baba siwezi.