Mrejesho: Cheti cha CPR, mtandaoni au darasani?

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza: mimi muuguzi wa zahanati huku Uvinza, Kigoma, nisomee CPR (kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama) mtandaoni au nipande gari hadi mjini nikakae darasani? Wengi mlinishauri nichanganye vyote viwili. Nashukuru sana, nimefanya hivyo.

Nadharia niliimaliza kwa simu, usiku baada ya zamu. Haikunisumbua. Namba zilikaa kichwani: kifua cha mtu mzima kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kisha pumzi 2.

Sasa siku ya vitendo! Nilipiga magoti mbele ya sanamu ya mazoezi nikiamini najua. Dakika haijaisha, mkufunzi akanisimamisha: sifiki sentimita 5, na sikiachii kifua kikarudi juu chote. Kisiporudi, moyo haujai damu vizuri. Hayo nilikuwa nimeyasoma, tena nikayajibu sawa kwenye mtihani. Mikono ndiyo haikujua. Nikaelewa pia kwa nini tunaambiwa tupokezane kila dakika 2. Unachoka kabla hujajitambua kwamba umechoka.

Kwa hiyo anayetaka cha mtandaoni pekee, aulize kwanza kama kuna mtu atakayemwona akikandamiza. Cheti changu kinadumu miaka 2. Nimemwomba mganga mfawidhi tutafute sanamu yetu, tufanye mazoezi kila mwezi, naye amekubali kuiingiza kwenye bajeti.