Mashine ya kufyekea kwa mtu asiye na mkono wa kulia: leva ya mafuta ihamishwe vipi?

MkulimaMuheza
Habari zenu wadau. Kuna mzee hapa Muheza ana ekari 2 za michungwa. Amekatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko, kigutu kimebaki kama sentimita 14 na kiwiko kinakunja vizuri. Mashine yake ya kufyekea ni ya kuchanganya petroli na oili, ina usukani wa pembe mbili, na leva ya mafuta iko kulia. Ameshauriwa aifunge leva kwa waya ibaki imebanwa, kisha aongoze kwa mkono wa kushoto. Inafaa? Na kamba ya kuwashia ataivutaje?

FundiChumbageni
Asifunge leva, nakuomba sana. Leva ikiachiwa ndipo klachi (kiungo cha injini na kisu) inaachia na kisu kinasimama baada ya muda mfupi. Ikifungwa, siku akijikwaa kwenye kisiki kisu kitaendelea kuzunguka kwa nguvu zote karibu na miguu yake.

Hamishia kushoto leva pamoja na swichi ya kuzimia. Skrubu za mshikio hufunguka kwa ufunguo wa L, mara nyingi wa milimita 4 au 5. Waya wa mafuta huenda ukawa mfupi. Usiulazimishe, maana ukivutika injini itaongeza kasi yenyewe kila usukani ukisogea. Tumia waya wa gia ya baiskeli (milimita 1.2), kwani wa breki ni mnene zaidi na hukwama ndani ya ganda. Fundi pikipiki atakutilia kichwa cha waya kwa risasi. Acha uchezaji, yaani ulegevu wa waya, wa milimita 1 hadi 2 kwenye leva.

Waya wa swichi ndio watu wanausahau. Kwenye mashine nyingi za aina hii, swichi huzima kwa kupeleka umeme wa plagi kwenye bodi. Waya ukikatika, injini haizimiki. Kiungo kichomewe risasi, kifungwe tepu vizuri, na swichi ijaribiwe kila asubuhi kabla ya kuingia shambani. Mzee ajue pia kuzima kwa kufunga choki.

Mashine yenyewe ibaki upande wa kulia wa mwili, kwa sababu kinga na bomba la moshi vimepangwa hivyo.

BiPongwe
Naongezea upande wa kigutu. Kazi yake iwe kusukuma tu, kisishike wala kufungwa. Pasua bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa sentimita 12, upate kama mfereji. Kingo zipigwe msasa, ndani ubandike soli ya ndala. Lifunge kwenye pembe ya kulia kwa bano mbili za U, juu pakiwa wazi ili mkono utoke wenyewe akianguka. Mtikisiko huchubua ngozi ya kigutu upesi, hasa kwa jasho la joto letu la pwani. Kila dakika 15 hadi 20 apumzike na akague. Akiona wekundu usioondoka, kazi iishie hapo siku hiyo.

Mkanda uwe wa mabega mawili. Pini ya kuachia mashine kwa dharura hukaa nyongani kulia, pale pale asipo na mkono! Ifungwe kamba fupi inayofika kifuani, kushoto, na ajaribu kuivuta injini ikiwa imezimwa.

Kisu cha chuma akiweke kando, atumie uzi wa nailoni wa milimita 2.4. Chuma kikigonga kisiki kwa upande wa mbele kulia hurusha mashine nyuma kwa nguvu, na mkono mmoja hauizuii. Uzi hauna msukumo huo, ila huchuna gome la michungwa michanga: nusu mita kuzunguka shina apalilie kwa jembe. Watu wakae mbali mita 15.

FundiChumbageni
Kuwasha: tengeneza kitanda cha mbao mbili za 2×4, injini ilale katikati, ibanwe na mpira wa tyubu ya baiskeli, kichwa cha kukatia kisiguse kitu. Avute kamba taratibu mpaka ikaze, ndipo avute kwa haraka, bila kuifikisha mwisho. Asikanyage bomba refu la mashine, litapinda na mhimili wa ndani utaanza kusaga. Petroli ichanganywe nyumbani: kama kitabu kinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita.

MkulimaMuheza
Ahsanteni sana. Leva tumeihamisha leo, lakini kichwa kinazunguka hata ikiwa imeachiwa.

FundiChumbageni
Zima kwanza. Angalia ule uchezaji wa waya. Kama haupo, rekebisha nati ya waya. Ukiwepo, washa, legeza skrubu ya mzunguko wa chini kwenye kabureta robo robo mpaka kichwa kisimame na injini isizimike. Kikiendelea, fungua klachi: springi imelegea au imekatika. Asiingie nayo shambani kabla hamjabadilisha.