Mwanangu wa miaka 13 kanogewa na "Peponi". Nimwache au nimnyang'anye?

Mama Wawili wa Tanga
Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Kijana wangu ana miaka 13, kaanza kidato cha kwanza mwaka huu. Mjomba wake alikuja likizo akasahau kwetu kitabu cha Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mtoto kakidaka. Wiki ya pili sasa, saa nne usiku nakuta tochi ya simu inawaka ndani ya chandarua. Huyu mtoto kusoma kwenyewe mpaka ugomvi, kwa hiyo mwanzoni nilifurahi.

Juzi tunaosha vyombo akaniuliza, "Mama, hivi mtu anawekwaje rehani?" Nikamwambia kama shamba linavyowekwa benki. Akasema, "Lakini shamba si linabaki palepale?" Nikaendelea kusugua sufuria.

Usiku nikakipitia mwenyewe. Yusuf ana miaka 12 anapoondoka kwao, kisa baba kashindwa kulipa deni la tajiri. Mpaka hapo sina neno. Ila kuna mnyapara wa msafara ambaye sifa yake ni kuwaingilia vijana, na mbele huko mke wa tajiri anamtamani huyuhuyu Yusuf. Mambo hayaelezwi kichafu, lakini mtu mzima anaelewa. Mtoto kaelewa nini, ndiyo sijui. Baba yake anasema kifungiwe kabatini mpaka afike kidato cha tano. Mnanishaurije?

Chogo
Fungia uone. Sisi tulifichiwa magazeti ya hadithi tukaenda kuyasomea juu ya mwembe. Nina kovu mpaka leo.

Ticha Mstaafu
Mama Wawili, nimefundisha fasihi muda mrefu, na kosa ninaloliona kwa wazazi ni kuhesabu maiti na matusi. Hicho si kipimo. Mtoto wa miaka 13 anahimili vita na njaa kitabuni kuliko tunavyodhani.

Chukua riwaya mbili za Shafi Adam Shafi. Kuli ni maisha ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Kuna kifo na dhuluma humo, lakini mtoto anaona wazi nani kamwonea nani, akikasirika anajua anamkasirikia nani. Vuta n'kuvute nayo ni Unguja ya Mwingereza, ila inaanza na binti mdogo, Yasmini, aliyeozwa mzee, halafu mapenzi na siasa vinasukana humo mpaka mwisho. Hii tuliisoma na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na hata wao walikuwa wanacheka pale walipopaswa kunyamaza. Ya kwanza ningempa mwanao mapema, ya pili ningesubiri.

Peponi iko mahali pagumu zaidi kwa sababu mengi yanasemwa kwa fumbo. Jambo likisemwa wazi, mtoto anauliza. Likisemwa kwa fumbo, anajazia mwenyewe kwa aliyoyasikia bwenini. Kwa hiyo usimuulize "umeelewa?", atasema ndiyo. Muulize kwa nini Yusuf anamwogopa yule mnyapara, kisha ukae kimya.

Baba Naima
Naungana na mzee mwenye nyumba. Miaka 13 ni mtoto. Eti kwa kuwa Yusuf ana miaka 12 basi kitabu ni cha watoto? Na anakua humo ndani, hakai 12. Kuna vitabu vya rika lake, avimalize kwanza.

Mpita Njia
Baba Naima, nakuheshimu kaka, ila mimi nililelewa nyumba ya watu. Kulikuwa na mkubwa mmoja tuliyekuwa tunamkwepa jioni bila kuambiana kwa nini. Ningekutana na huyo mnyapara kitabuni nikiwa na umri huo, ningejua siko peke yangu. Naishia hapo.

Baba Naima
Pole sana ndugu yangu. Hilo sikuliwaza.

Bi Kizee wa Malindi
Mwanangu, nyote mmeshika hayo, na historia je? Atakwambia utumwa si ulishakwisha? Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, na amri ya kufuta utumwa ikaja 1897. Bara kwa Mjerumani haukufutwa moja kwa moja, mpaka Mwingereza alipoupiga marufuku 1922. Yusuf yumo katikati ya hapo: hakununuliwa, wala kuondoka hawezi. Na wewe uko Tanga, una bahati. Mpeleke stesheni, umwambie reli hii ya Mjerumani ilifika Moshi 1911. Zama za kitabu hicho ndizo hizo.

Mama Wawili wa Tanga
Nimerudi. Mpita Njia, nimekusoma mara tatu. Asante, na pole.

Ticha, nimeuliza vilevile ulivyosema, tukiwa tunachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Si wanaogopa atawafanyia ule mchezo." Kumbe alijua tangu wiki ya kwanza, ila alikuwa anaona mimi ndiye nisiyejua! Tukaongea mpaka mchele ukachambuliwa mara mbili. Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote anayemkwepa shuleni au mtaani. Akasema hakuna. Nitamuuliza tena siku nyingine, maana alijibu haraka.

Kitabu anaendelea nacho, lakini sebuleni, na mimi nasoma nyuma yake kurasa kama 30. Za mke wa tajiri hatujazifikia, hapo sijui nitaanzaje. Mjomba naye kapiga simu anataka kitabu chake, nimemwambia asubiri.

Kuli naipata duka gani hapa mjini?