Kiumbe gani wa gemu za kukusanya amekuganda kichwani, na kwa nini?

MchoraSakina (Arusha)
Wakuu, habari za leo. Mimi ni mchora mabango hapa Sakina. Jioni nikishafunga kazi, mimi na mdogo wangu tunatengeneza gemu ya simu: unatembea porini, unakamata viumbe, unawalea, unawapambanisha. Mimi nachora, yeye anaandika programu. Daftari limejaa: simba wa mabawa ya moto, nyoka wa vichwa vitatu, kifaru wa chuma. Dogo akiwaona anasema wakali, ila kesho yake muulize jina la hata mmoja, kimya. Huyohuyo mtajie Cubone wa Pokémon, ile gemu ya Kijapani ya kukamata viumbe, atakusimulia mpaka habari za mama yake. Na Cubone mwenyewe ni kadogo, ka kahawia, kameshika mfupa tu. Kwenu nyinyi ni yupi aliyewaganda, na kilichomgandisha ni nini? Msiniambie sura nzuri, hizo ninazo nyingi.

BintiRau (Moshi)
Kaka, jibu umeshalitaja: mama yake. Cubone amevaa fuvu la marehemu mama yake, na uso ulio chini ya lile fuvu hatuujui mpaka leo. Maelezo ya ndani ya gemu yanasema akitazama mwezi mpevu anaona sura ya mama, analia, na fuvu linagongagonga. Maneno machache tu, lakini ukimwangalia tena huoni mfupa, unaona yatima. Mimikyu naye vilevile, kajifunika kitambaa chenye sura ya Pikachu, yule wa njano anayependwa na wote, ili naye apendwe. Simba wako ana moto, sawa. Anamlilia nani?

FundiSimuKijenge
Mimi Magikarp, na sibadilishi. Kwenye zile gemu za kwanza za Pokémon, kabla hujaingia pango la Mt. Moon, kuna jamaa anakuuzia huyu samaki kwa 500. Unampeleka vitani, anarukaruka, basi. Hakuna anayeumia. Inabidi umtangulize mbele kisha umtoe haraka umwingize mwenzake, ili naye apate mgawo wa pointi. Unambeba hivyohivyo pambano baada ya pambano, na ukifika levo ya 20 anageuka Gyarados, joka la buluu lenye hasira. Nilikuwa kwenye meza yangu ya kazi, na simu ya mteja imefunguliwa mbele yangu, nikanyanyuka kitini nikapiga kelele. Charizard, yule wa mabawa na moto, nampenda, ila Gyarados nimemlea. Kwa hiyo mkuu, daftari peke yake halitoshi. Mpe mchezaji sababu ya kumhangaikia huyo kiumbe.

Mdau_Njiro
Nyongeza fupi. Gemu za kwanza zilitoka Japani 1996, viumbe 151, kwenye kioo cha Game Boy chenye vivuli vinne tu. Hakukuwa na rangi ya kujifichia. Chukua viumbe wako, wapake weusi mtupu, uone dogo atawatofautisha vipi.

Mmarangu
Mnahangaika na mabawa ya moto na mlima mnao. Nimebeba mizigo ya wageni miaka mingi. Karibu na kambi ya Horombo, Kilimanjaro, kuna senesio, ile mimea mikubwa yenye shina nene na kichwa cha majani. Jua likizama majani yanajikunja kuzunguka kichipukizi kisigande kwa baridi, asubuhi yanafunguka. Majani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yamelifunika shina kama koti. Chora huyo. Mtu yeyote aliyelala kule juu atamjua.

MchoraSakina (Arusha)
Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimemchora usiku huuhuu. Mfupi, mnene, kavaa majani makavu ya waliomtangulia, na nimempaka mweusi kama mdau wa Njiro alivyosema: anajulikana kwa kichwa tu. Ikifika usiku kwenye gemu anajifunga, hapigani, hata ukimbonyeza vipi. Dogo anasema wachezaji watakasirika, tumpe kitufe cha kumwamsha. Mimi sitaki. BintiRau, Fundi, nyinyi ndio wachezaji: mngemsubiri mpaka asubuhi?

FundiSimuKijenge
Ningemsubiri. Kitufe usiweke. Ila akiamka awe na kitu cha kunipa, hata umande.

BintiRau (Moshi)
Na umwambie dogo aandike yale majani makavu ni ya nani.