Mwingereza kwao ni 1435 mm, kwa nini Mwanza aliweka reli ya mita?

Mdau wa Igogo
Habari wakuu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, enzi za Mwingereza. Kwao geji (upana kati ya reli mbili) ni 1435 mm, lakini huku akaweka 1000 mm, yaani reli ya mita. Leo SGR (reli ya kisasa) ya Isaka–Mwanza, kilomita 341, inajengwa kwa 1435 ile ile. Nina maswali mawili. Kwa nini hakuweka geji ya kwao tangu mwanzo? Na je, haiwezekani kuongeza reli ya tatu kando ya zile mbili za zamani, ili mabehewa ya SGR yafike bandari ya Mwanza Kusini na kuingia kwenye meli ya mabehewa? Naomba majibu yenye vipimo.

Taruma la Chuma
Mkuu, geji huamuliwa na reli ambayo ipo tayari jirani. Mjerumani alianza Tanga mwaka 1893 kwa mita. Reli ya Kati ikaanza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mita vilevile. Upande wa Kenya Mwingereza mwenyewe alianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, naye kwa mita, kwa sababu India ilikuwa na njia ndefu za geji hiyo na vifaa na mafundi wengi walitoka huko.

Kwa hiyo alipolianza tawi la Mwanza hakuwa na la kuchagua. Kwa 1435, kila robota la pamba lingeshushwa Tabora na kupakiwa upya. Kufanana kwa geji kulikuwa kumeshaleta faida wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale Waingereza walipoiunga reli ya Voi na ile ya Tanga–Moshi. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu–Mruazi kikaunganisha Reli ya Kati na ya Tanga, na behewa la Mwanza likaweza kwenda Mombasa kwa nchi kavu bila mzigo kuguswa.

Geji 2140
Niongeze ya Uingereza, maana hata wao walianza na geji zaidi ya moja, na somo lao ni zuri sana kwetu.

Watu hupenda kusema 1435 imetokana na magari ya farasi ya Warumi. Hakuna ushahidi. Mhandisi George Stephenson aliikuta kwenye njia za makaa ya mawe za kaskazini mashariki, ambako farasi walivuta mabehewa, akaitumia kwenye reli ya Stockton–Darlington mwaka 1825. Mwanzoni ilikuwa futi 4 na inchi 8. Nusu inchi iliongezwa baadaye ili magurudumu yasibane.

Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa kampuni ya reli ya Great Western, aliona ni nyembamba mno, akajenga kwa 2140 mm. Kiufundi hakukosea: katika majaribio yaliyofanyika kwa ajili ya tume ya geji iliyoundwa mwaka 1845, treni za geji yake zilikwenda kasi zaidi. Kilichomshinda ni urefu wa njia. Za 1435 zilikuwa zaidi ya kilomita 3,000, za kwake 440 hivi. Pale Gloucester, geji hizo mbili zilipokutana, mizigo ilihamishwa kwa mikono. Vitu vikavunjika, vingine vikapotea, treni zikangojana. Sheria ya 1846 ikataka njia mpya za abiria ziwe 1435 (Ireland ikapewa 1600), lakini ikaiachia Great Western mwanya. Ndiyo maana 2140 iliendelea kuwapo hadi Mei 1892.

Kazi ya mwisho ya kubadilisha inafaa kusomwa na kila fundi wa njia: kilomita 275 hivi magharibi mwa Exeter, siku 2, watu zaidi ya 4,000. Iliwezekana kwa sababu sehemu kubwa ya reli za Brunel zililala juu ya mbao ndefu zinazofuata reli, zikishikwa na mbao za kukingama. Kokoto ziliondolewa mapema na mbao nyingi za kukingama zikakatwa kwa kipimo kabla ya siku yenyewe. Ikabaki kusukuma reli ya upande mmoja pamoja na ubao wake, 705 mm kuelekea ndani, na kukaza. Vichwa na mabehewa yote yalitangulizwa Swindon, ambako njia za kuegesha za kilomita zaidi ya 20 zilikuwa zimetandikwa. Behewa likisahaulika huko nyuma, halitoki tena.

Taruma la Chuma
Sasa reli ya tatu. Geji hupimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli, 14 mm chini ya usawa wa juu. 1435 ukitoa 1000 unabaki na 435 mm, kwa hiyo nafasi ipo. Matatizo ni haya. Mataruma (vile vya kukingama vinavyobeba reli) ya mita yana urefu wa mita 2 au pungufu. Ya 1435 yanafika 2.6, hivyo yote yang'olewe. Kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, inabidi vipande vya ziada, na ndiko treni huanguka. Katikati ya behewa husogea 217.5 mm, hivyo kichwa cha treni cha mita hakiunganiki sawasawa na behewa la SGR. Great Western ilihitaji mabehewa maalumu ya kuunganishia. Uzito wa ekseli nao unazidi uwezo wa tuta na madaraja ya zamani.

Mwisho wa yote, reli za sitaha ya MV Umoja, ile meli ya mabehewa, na za daraja la kupakilia ni za mita. Kubadilisha bogi (fremu ya magurudumu chini ya behewa) hakusaidii sana, maana bodi la SGR ni kubwa kwa njia ile. Nafuu ni kuhamisha kontena kwa kreni.

Mdau wa Igogo
Shukrani sana wakuu. Na TAZARA (reli ya Tanzania–Zambia) ya 1067 pamoja na mita?

Geji 2140
Hapo reli ya tatu haikai kabisa. Tofauti ni 67 mm, na kitako cha reli peke yake kinazidi hapo, kabla hujaacha nafasi ya ukingo wa gurudumu. Zingehitajika reli nne zilizopishana. Kwa hiyo Kidatu, zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya.