Je, Barbados Iinunue Ardhi ya Drax Hall kwa Bei ya Soko?

Mwezi Aprili 2024, Waziri Mkuu wa Barbados (kisiwa cha Karibea), Mia Mottley, alisitisha mpango wa kununua sehemu ya shamba la Drax Hall ili zijengwe nyumba za wananchi, kwa kuwa watu wengi hawakukubali fedha za umma zilipwe Richard Drax, mbunge wa Uingereza wakati huo, ambaye ukoo wake unalimiliki shamba hilo tangu karne ya 17. Wanaotetea ununuzi wanasema kwamba hati ni halali, kwamba nyumba zinahitajika, na kwamba mjukuu hawezi kujibu makosa ya mababu waliomiliki watumwa; Drax mwenyewe aliwahi kueleza masikitiko yake juu ya yaliyopita, huku akikataa kwamba yupo mtu wa leo anayepaswa kuwajibika.

Hoja ya nyumba naikubali. Hiyo ya mjukuu inaangushwa na kumbukumbu za shamba lenyewe. Henry Drax, mwana wa mwanzilishi James Drax, aliandika mnamo 1679 maelekezo marefu kwa msimamizi wake kuhusu kilimo cha miwa, chakula na adhabu za watumwa, na namna ya kununua wengine ili idadi isipungue. Kuanzia 1817, wamiliki wote kisiwani walilazimika kuwaorodhesha watumwa wao kwa jina, jinsia na umri. Kisha, utumwa ulipofutwa, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki, na mwaka 1836 John Sawbridge Erle-Drax, mmiliki wa Drax Hall wakati huo, akapokea pauni 4,293 kwa ajili ya watu 189. Watu hao 189 hawakupata hata senti. Kwetu nako mambo hayakuwa tofauti sana: amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, chini ya usimamizi wa Waingereza hao hao, nayo ilimfidia bwana.

Kwa hiyo hesabu ilikwishafanywa, kichwa kwa kichwa, na fedha zikalipwa, ila zilikwenda upande mmoja. Katika mirathi tunayoijua sisi, madeni ya marehemu hutolewa kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Anayepokea shamba na thamani yake hapokei hati peke yake.

Maoni yangu ni kwamba serikali iichukue ardhi hiyo kisheria kwa manufaa ya umma, na katika bei itakayopangwa ikate kwanza fidia ya 1836 pamoja na ongezeko lake la karibu miaka 190, hata kama baada ya makato hayo Drax hatabakiwa na kitu. Wanaopinga nawaomba wajibu jambo moja: kama wathamini wa miaka ya 1830 waliweza kumpangia bei kila mtu aliyekuwa Drax Hall, ni kipi kinachowazuia wathamini wa leo kuikokotoa fidia hiyo kwa faida ya vizazi vya watu hao?