Pumu ya ngozi isiyokwisha: kisomo, mwarobaini, nazi au maji ya salfa ya Amboni?

Mama wa Chumbageni

Asalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu habari za jioni. Mwanangu ana miaka tisa, na pumu ya ngozi anayo tangu alipokuwa na miezi minne. Kusi ikivuma, ngozi yake hupoa kiasi cha kutusahaulisha; kaskazi ikishika, na lile jasho la Tanga lisilokauka hata usiku, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti huchachamaa upya, naye hujikuna usingizini mpaka asubuhi shuka lina madoa ya damu. Nimemshonea vifuko vya kanga avivae mikononi akilala. Huvivua kwa meno.

Kwa kuwa nimejaribu mengi, naweka ulinganisho wangu hapa ili mnisahihishe.

Majani ya mwarobaini nilikuwa nikiyachemsha, maji yakipoa namwogesha. Hayana gharama, mti upo uani kwa jirani, na vile vidonda vilivyokuwa vikitoa majimaji vilikauka; lakini ngozi nzima nayo ilikauka ikawa kama gamba, mwasho ukazidi. Mafuta ya nazi nayatengeneza mwenyewe: nakuna nazi, nakamua tui zito, naliacha usiku kucha mpaka utando ujitenge juu, kisha nauengua na kuupika kwa moto mdogo hadi mafuta yatoke. Hayamponyi, ila nikimpaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, usiku huo hulala. Amboni tumekwenda mara tatu kwenye chemchemi ya maji moto, yale yanayonuka kama yai viza. Mara ya kwanza yalimchoma akalia njia nzima, na mara mbili zilizofuata sikuona tofauti.

Kisomo tumefanya, kwa sababu mama mkwe anashikilia kwamba mtoto alipigwa jicho siku ya akika. Alisomewa na kunyweshwa kombe siku saba, na wiki ile alilala vizuri. Ila wiki ile ile alikuwa kwa shangazi yake Duga, ambako hakuna paka wala zulia.

Sasa mama mkwe anataka tumpeleke kwa mganga mmoja upande wa Pangani, ambaye anasema atamchanja chale na kumtoa kitu kilichomo mwilini. Naomba wenye uzoefu waniambie, maana kila njia hapo juu ina watu wanaoiapia.

Mzee wa Korona

Binti yangu, nimefanya kazi ya mkonge zaidi ya miaka ishirini, mingi kati yake kwenye korona (namaanisha mtambo wa kukamulia mkonge, sisi tulilitumia jina hilo miaka mingi kabla ya ule ugonjwa). Mikono yangu ilipasuka, ikawasha, ikatoa maji. Nikaambiwa nimetupiwa kitu na mwenzangu aliyeitaka nafasi yangu ya unyapara. Nilitoa kuku mweusi, nikatoa na fedha, nikapewa dawa ya kunawa, nikaambiwa nikae mbali na kazini kwa kuwa adui yuko huko. Nikachukua likizo yangu ya siku 28, na kwa kweli kabla haijaisha mikono ilikuwa safi kama ya bwana harusi. Nilimsifu mganga Pongwe nzima.

Niliporudi korona, wiki moja haikwisha mikono ikapasuka tena. Msimamizi mmoja ndiye aliyenieleza kwamba utomvu wa mkonge una fuwele ndogo mno zenye ncha kama sindano, pamoja na kemikali inayotoa povu kama sabuni, na vyote viwili huila ngozi. Nilipopata glavu ndefu na kuacha kunawa kwa sabuni ya unga, nikapona kwa kiasi kikubwa bila kuku wa pili. Kwa hiyo kabla ya kupima dawa, pima kwanza vitu vinavyomgusa mtoto. Yule paka wako umemtaja kwa kupita tu, lakini mimi ningemwanza yeye.

Maalim wa Ngamiani

Wa aleikum salaam. Kisomo ni sunna na mimi nakisoma, wala sitozi. Fatiha, Ayatul Kursi na zile sura mbili za kinga mzazi anaweza kumsomea mwanawe mwenyewe kila usiku, akimpuliza taratibu, bila kumwita mtu. Kombe nalo ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kufutwa kwa maji au marashi ya waridi. Huku mjini wapo wanaoandika kwa rangi ya chakula kwa kuwa zafarani ni ghali, kwa hiyo muulize anayekuandikia, na mwambie afute kwa maji matupu. Na kamwe usimwogeshe mtoto mwenye ngozi iliyochanika kwa maji yenye marashi. Nimeona mtoto akilia kwa kuchomwa na marashi, na watu waliomzunguka wakasema ni shetani anayelia.

Kisomo kinatuliza moyo wa mtoto na wa mama yake, na mwenye moyo uliotulia hujikuna kidogo. Lakini dini yetu haikuweka kisomo mahali pa tiba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamuru tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Hata Nabii Ayubu, katika Surat Sad aya ya 42, dua yake ilipojibiwa aliamriwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi ya kuogea na kunywa. Aliomba, kisha akaoga. Anayekusomea na papo hapo akakuambia uache dawa ya hospitali, mshukuru kwa muda wake na uondoke. Ama chale juu ya ngozi iliyochubuka, mimi siioni kabisa mahali pake.

Muuguzi Mstaafu, Muheza

Mama mwenzangu, kosa letu kubwa ni kulinganisha dawa kabla ya kulinganisha magonjwa. Watu husema "ugonjwa wa ngozi" kana kwamba ni mmoja, na hapo ndipo kila dawa hupata mashahidi wake.

Salfa huua wadudu wa upele na husaidia baadhi ya fangasi. Marhamu ya salfa imetumika kwa upele miaka mingi, hata kwa watoto wachanga na wajawazito. Aliyekwenda Amboni na upele akarudi amepona hasemi uongo. Pumu ya ngozi ni jambo jingine: ngozi yenyewe ni dhaifu, haishiki maji, na salfa huikausha zaidi, ndiyo maana mwanao alilia. Mwarobaini ni vivyo hivyo. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo kutoka India ya watu 814 wenye upele waliopakwa mwarobaini uliosagwa pamoja na manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Halikuwepo kundi la kulinganisha, lakini hata tukiyakubali yalivyo, ule ulikuwa upele.

Nazi ndiyo yenye hoja nzuri zaidi kwa mwanao. Mwaka 2014 kulichapishwa utafiti wa Ufilipino uliofuatilia watoto 117 wenye pumu ya ngozi kwa wiki 8, nusu wakipakwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa kwa kemikali na nusu mafuta ya madini, na waliopakwa nazi walipata nafuu kubwa zaidi. Mafuta ya mzaituni, ambayo wengi huyapenda kwa baraka zake, yana asidi inayolegeza ngozi dhaifu; anayepakwa kwa upako na apakwe tone kwenye paji la uso, si mwili mzima.

Dawa ya kupaka yenye steroidi (ile inayotuliza mwasho na uvimbe wa ngozi), ikitolewa na daktari kwa kiwango chake na siku zake, si sumu. Hatari ni kuinunua kiholela na kuipaka miezi, au kuipaka juu ya choa, kwani mwasho hutulia huku fangasi ikitambaa chini kwa chini. Na doa lolote lisilowasha, lililopauka, ambalo ukiligusa kwa pamba mtu hahisi, lisipelekwe Amboni wala kwa maalim. Liende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni ukoma, na dawa zake zinatolewa bure.

Kijana wa Makorora

Naongeza moja tu. Mimi nilinunua kopo la "mitishamba safi" kwa shilingi 15,000, lisilo na lebo wala jina la mtengenezaji. Siku ya tatu nilikuwa nimepona, na nikawauzia habari hiyo marafiki wanne. Baada ya miezi miwili ngozi ya mapajani ilikuwa nyembamba hata mishipa inaonekana, na nilipoacha kupaka, ugonjwa ulirudi na nduguze.

Muuguzi Mstaafu, Muheza

Kijana, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Majani hayaponyi pumu ya ngozi kwa siku tatu. Kinachofanya hivyo mara nyingi ni steroidi kali iliyochanganywa kwa siri. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na ina Baraza lake la kusajili waganga na dawa, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Mama, anzieni hospitali ya Bombo hapo Tanga, nao wakiona haja watawaandikia kwenda hospitali ya KCMC Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Nendeni na kila kopo mlilowahi kumpaka, hata tupu.

Mama wa Chumbageni

Nawashukuru nyote. Zulia limetoka jana, na paka amehamia kwa jirani mwenye mwarobaini. Maji ya Amboni nimeyaacha, nazi inaendelea, na kisomo nitamsomea mwenyewe. Makopo nimeyakusanya kwenye mfuko: ni saba, na mawili hayana jina. Jumatatu tunakwenda Bombo.

Mama mkwe nilimsomea maneno ya Maalim yote, mara mbili. Hakunijibu. Leo alfajiri nimemkuta uani ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi ya nne.